Maneno Kumi na Mawili ya Kupungua

Juzi nilikwenda Mugumu kumtembelea kaka yangu, na kabla sijamaliza hata kikombe cha chai nikaletewa daftari. Binti yake mdogo anasoma darasa la sita katika shule moja ya Kiingereza, zile za basi la njano na soksi ndefu hata jua likiwaka vipi. "Shangazi, nisikilize," akasema, akasimama mbele ya televisheni, mikono nyuma, kidevu juu, akaanza: abate, wane, ebb, fade. Alikuwa amepewa kazi ya nyumbani ya kukariri maneno ya Kiingereza ya vitu vinavyopungua nguvu. Kaka yangu akaiweka simu chini, akanitazama usoni aone kama nimeshangaa. Wifi akatokea jikoni na sahani ya chapati, akasimama mlangoni kusikiliza, fahari imemjaa. Mimi nikacheka kwa pua. Sikukusudia kumvunja moyo mtoto, ila kwa orodha ile sina kicheko kingine, na nimekuwa nacho tangu nilipokuwa na umri wake.

Orodha ile naijua, rafiki yangu. Ni maneno yaleyale, karibu kwa mpangilio uleule, tuliyochapiwa fimbo katika shule yetu ya msingi huku upande wa Serengeti, kando ya barabara ya vumbi inayokuja Mugumu. Tulikuwa tunakaa watatu kwenye dawati la wawili, na wa tatu alisomea ubavu. Wakati huo hapakuwa na basi la njano wala televisheni ya kusimama mbele yake, lakini upuuzi ulikuwa huuhuu. Nilidhani ungekuwa umeshakufa, kumbe umevalishwa soksi tu na kuongezewa ada.

Mwalimu wetu wa Kiingereza aliletwa kutoka mkoa wa mbali, na mpaka siku anahamishwa alionekana kama mtu aliyeshushwa na basi kwenye kituo kisicho chake. Alikuwa na viatu vya ngozi, na kitambaa cha kuvifutia alikiweka mfuko mmoja na chaki, kwa hiyo kila alipovifuta vilizidi kuwa vyeupe. Alipovuka uwanja wa shule, ambao ng'ombe nao waliuvuka, aliinua suruali kwa vidole viwili. Hakupenda chochote chetu. Ugali wetu wa udaga, wa mihogo iliyovundikwa majini, alisema unanuka. Lafudhi yetu alisema ni ya kuswagia ng'ombe. Kikurya tulikatazwa kukitamka ndani ya uzio, na aliyekitamka alivishwa fupa la taya la ng'ombe shingoni mpaka amkamate mwenzake. Debe tupu haliachi kuvuma, na yule alivuma kuanzia kengele ya asubuhi hadi ya jioni. Leo namdharau bila kujibana. Wakati ule nilimwabudu, kwa sababu nilikuwa wa kwanza katika somo lake, na yeye ndiye mtu pekee aliyewahi kutamka jina langu kama jina la mtu wa maana.

Siku aliyotuletea orodha hiyo aliiandika ubao mzima. Akasema Mwingereza ana neno la kila aina ya kupungua: mvua ina lake, mwezi una lake, uvimbe una lake, rangi ina lake, maji ya bahari yana lake. "Ninyi mna moja tu," akasema. "Mvua imepungua, homa imepungua, akili zimepungua." Darasa zima likacheka. Tulijicheka wenyewe, tena kwa bidii, watoto arobaini na kitu waliofurahi kuambiwa hawana kitu. Mimi nilicheka zaidi ya wote kwa kuwa nilikaa dawati la mbele.

Ningekuwa na akili ya kutazama nyumbani ningemjibu palepale. Jikoni kwa bibi yangu vitu vilipungua mchana kutwa na kila kimoja kilikuwa na namna yake. Moto ulififia, akaufunika majivu usife. Maziwa yalipoa. Mboga ya mgagani aliichemsha, akamwaga maji, akaichemsha tena, mpaka uchungu ulipokatika ndipo akaitia maziwa. Khanga yake ilichuja, kamba ya mbuzi ililegea, upepo ulitulia, hasira yake kwa baba ilipoa, mvua ilianuka tukarudisha wimbi, yaani ulezi, uani. Na habari ya bahari, mwenye duka pale sokoni, mzee wa Kiislamu aliyetoka pwani kuuza chumvi na mafuta ya taa, alinicheka nilipomwuliza. "Bahari hupwa, mwanangu," akaniambia huku akipima sukari. "Mwambie mwalimu wako aje nimfundishe Kiswahili, kidogo kidogo, bure." Sikumwambia mwalimu. Nilimwona mzee yule mshamba, mimi niliyekuwa nimesimama pale miguu mitupu.

Bibi huyo ndiye aliyenilea, kwa sababu mama alikuwa shambani na baba alikuwa na ng'ombe. Nyumba yake ilikuwa ya duara, ya nyasi, sakafu tuliyoipaka samadi kila Jumamosi mpaka ikawa laini na baridi. Kulikuwa na vibuyu vya maziwa vilivyofukizwa moshi, na harufu ile ya moshi na maziwa mgando ikininasa mahali popote leo, hata ofisini kwa watu, nasimama kidogo. Alikuwa na jiwe la kusagia karibu na mlango. Alisaga akiwa amepiga magoti, na alikuwa na wimbo wa kusagia, mmoja tu, unaokwenda na jiwe mbele na nyuma. Mimi kazi yangu ilikuwa kupokea unga kwenye ungo na kufukuza kuku. Hakujua Kiswahili, au ndivyo sote tulivyoamini. Alikiita lugha ya watu wa kodi, na walipokuja watu wa kodi alinisukuma mbele nikaseme nao.

Mwaka ule, akichimba mihogo, alijikata mguu kwa jembe, chini kidogo ya kifundo. Akaweka majivu na majani anayoyajua yeye. Wiki ikapita, kidonda kikakataa, na baba akamlazimisha kwenda zahanati. Nesi akakisafisha, akampa vidonge, akasema arudi Jumatano, siku ya gari la dawa. Baba akaenda zake Tarime kuuza madume mawili. Mama alikuwa shambani akilinda wimbi na ndege. Kwa hiyo kukiosha kidonda kila asubuhi kukawa kazi yangu, maji ya uvuguvugu na chumvi, kabla ya kwenda shule.

Bibi hakuwahi kusema anaumwa. Kwetu mtu hupimwa kwa kukaza uso tangu ujana wake, na aliyekaza uso siku ya kutahiriwa halegei tena uzeeni kwa ajili ya jembe. Badala ya kulia aliimba. Maji yalipogusa kidonda aliuanza ule wimbo wa kusagia, na yalipomuuma zaidi sauti ilipanda. Majirani waliopita njiani walidhani bibi ana furaha. Mimi nilijua hesabu yake. Siku za mwanzo aliimba kwa chini. Kufikia Jumatatu alikuwa anaimba kwa sauti ya kawaida ya jiwe. Jumatano alfajiri sauti yake iliamsha kuku, na ngozi ya mguu ilikuwa inang'aa, na uvimbe ulikuwa umepita kifundo unapanda kwenye muundi, na harufu ilikuwa ile ya udaga uliosahauliwa majini. Nilijua. Nakueleza mapema ili usinitafutie kisingizio baadaye, maana nimeshajitafutia vyote mwenyewe na vyote havifai.

Sasa Jumatano hiyohiyo, saa sita mchana, wageni kutoka wilayani walikuwa wanakuja shuleni. Ukutani palikuwa pamepakwa chokaa, mawe ya kando ya njia pia, na hata mti mmoja uliokuwa umejisimamia tu ulipakwa chokaa hadi kiunoni. Mwalimu alikuwa amenichagua mimi kusimama mbele ya wageni na kuyataja maneno yote kumi na mawili, kila moja na kitu chake. Alikuwa amenifanyisha mazoezi wiki mbili. Alinikopesha hata sketi ya binti wa mwalimu mkuu, kwa sababu yangu ilikuwa na kiraka mahali ambapo wageni wangekiona.

Tulifika zahanati mapema, bibi akiegemea bega langu, mimi nikiwa tayari nimevaa sketi ya watu. Zahanati ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa na pazia, na siku hiyo pazia lilikuwa limefuliwa, limeanikwa nje kwenye michongoma. Ilikuwa pia siku ya kliniki ya watoto, benchi limejaa akina mama, na mwishoni mwa benchi, kwa bahati yetu mbaya, alikaa mume wa shangazi yangu, amekuja na jino lake. Yaani mkwe wa bibi. Kwetu mama mkwe na mume wa bintiye hawachezi. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na bibi aliyekuwa na wakwe watatu hakuna hata mmoja aliyewahi kuona muundi wake. Mkwe alipotuona akageuza uso ukutani kwa adabu. Bibi naye akaufungia mguu ndani ya khanga mbili na kuusukuma chini ya kiti.

"Shikamoo, nesi," nikasema.

"Marahaba. Haya, tuone huo mguu." Nesi alikuwa mtu wa mkoa mwingine naye, lakini si kama yule mwalimu, alikuwa mwanamke mpole aliyekuwa amechoka. Akainama afungue kitambaa. Bibi akauvuta mguu. Nesi akajaribu tena, bibi akaushika mkono wake, akautua pembeni taratibu, kama unavyomwondoa mtoto karibu na chungu.

"Ana nini?" nesi akaniuliza.

"Mkwe wake yuko pale," nikasema.

Nesi akatazama benchi, akatazama michongoma mahali pazia lilipoanikwa, akapumua. Mtoto mmoja alikuwa analia kwenye mizani. Dereva wa gari la dawa alikuwa ameshawasha injini, anapiga honi. "Sikiliza, mwanangu," nesi akasema. "Muulize bibi, maumivu na uvimbe vimepungua? Kama bado, nimpandishe gari hili sasa hivi liende naye hospitali Mugumu, daktari amwone. Na wewe utakwenda naye, maana nani mwingine atamsemea? Hajui Kiswahili."

Basi hapo ndipo nilipopigia hesabu yangu. Gari la dawa lilikuwa likienda, halirudi siku hiyo. Saa sita ningekuwa Mugumu, nimekaa kwenye korido ninamsemea bibi kikongwe, na yule msichana wa dawati la pili, aliyekuwa akijua maneno tisa tu, angesimama mbele ya wageni na sketi yangu ya kuazima.

Nikamuuliza bibi kwa Kikurya. Akajibu alivyojibu maisha yake yote, tena mbele ya mkwe: "Mwambie haunisumbui."

"Anasema umepungua," nikasema.

Nesi hakuwa mjinga. Akanikazia macho. "Na wewe unayemwosha? Wewe umeuonaje?"

Nilivuta pumzi, nikasimama wima, mikono nyuma. "It is subsiding, sister," nikasema, kwa neno lile la uvimbe.

Nesi akaangua kicheko. Akawageukia watu wa benchi, akawaambia, "Mmesikia mtoto huyu?" Akina mama wakatikisa vichwa kwa mshangao. Mmoja akasema huyu atafika mbali. Mkwe wa bibi, uso wake ukiwa bado ukutani, akasema kwa sauti ya heshima kwamba ukoo una bahati. Nesi akaandika kitu kwenye karatasi, akatupa vidonge vingine, akampungia dereva mkono aende. Na bibi yangu, ambaye hakuelewa neno, au ndivyo nilivyoamini, akatabasamu kwa sababu watu walikuwa wananisifu. Kuna mambo mengi ya siku ile ninayoyadharau, ila tabasamu lile silidharau, nalionea aibu.

Nilimwacha nyumbani nikakimbia shuleni. Wageni walichelewa, kama kawaida ya wageni. Walikaa kwenye viti vilivyoazimwa kanisani, mbele yao soda na biskuti ambazo tulizikodolea macho mpaka zikaisha. Nikasimama. Nikayataja yote kumi na mawili, mvua na neno lake, mwezi na neno lake, uvimbe na neno lake, bila kupepesa. Mgeni mkubwa alikuwa anasinzia kuanzia la nne. Mwishoni akaamka, akapiga makofi, akauliza lile la maji ya bahari maana yake nini hasa, na mwalimu akaeleza kirefu, mtu ambaye nina hakika bahari aliiona kwenye kalenda. Nikapewa mkebe wa hesabu, wenye bikari isiyokaza na rula iliyopinda. Walimu wakanipa mkono. Wageni wakapanda gari lao, vumbi likafunika chokaa yote.

Nilirudi nyumbani nikikimbia, mkebe unacheza mkononi. Kabla sijafika uani nikasikia wimbo wa kusagia, kwa sauti ya juu kabisa. Nikafurahi, nikadhani amepata nguvu anasaga. Nilipoingia, jiwe lilikuwa kavu. Bibi alikuwa amelala kwenye ngozi yake, uso ameukaza kuelekea ukutani, anaimba, na hapakuwa na mtu yeyote anayemmwagia maji.

Nikakaa karibu yake na mkebe wangu. Sikumwambia mama aliporudi. Nilisema bibi amechoka. Mficha maradhi kifo humuumbua, tulifundishwa methali hiyo darasa la nne na nikaiandika kwa mwandiko mzuri, lakini haikusema lolote juu ya anayeficha maradhi ya mwenzake.

Baba alirudi kutoka Tarime siku ya tatu. Alinusa mlangoni, hakuingia kwanza, akaita wanaume. Wakambeba kwa kitanda hadi barabarani, wakasimamisha lori la mahindi, wakamfikisha Mugumu. Huko wakamkata mguu chini ya goti. Nilikuwepo, kwa sababu nilipelekwa kumsemea. Daktari alimweleza baba kwamba angeletwa siku tatu mapema huenda wangekata vidole viwili tu. Alisema kwa Kiswahili cha wazi kabisa. Baba akaniuliza, "Si mlikwenda Jumatano? Nesi alisemaje?" Nikamjibu kwamba nesi aliuliza, bibi akasema haumsumbui. Kila neno lilikuwa kweli. Baba akatikisa kichwa, akasema hawa wazee wetu, mgonjwa haulizwi uji, ni kumpa tu, na lawama yote ikaenda kwa ushupavu wa bibi na ikakaa hukohuko mpaka leo. Kaka yangu anaisimulia hivyo kwenye misiba, na watu hucheka kwa upendo.

Bibi aliishi miaka mingine sita. Fundi alimchongea gongo. Kabla ya hapo alikuwa akitembea hadi mnadani na kurudi, anauza wimbi, anarudi na chumvi na umbea wa vijiji vitatu. Baada ya hapo alikaa uani na umbea ukamfuata ukitaka. Kusaga hakuweza tena, maana kusaga ni magoti. Jiwe likakaa. Tukaanza kupeleka mtama kwenye mashine, na kwa muda mrefu alikataa kula ugali wa mashine, akisema una ladha ya dizeli. Aliwafukuza kuku kwa gongo. Hakuimba. Hakukuwa na sababu ya kuimba, hakuna jiwe wala kidonda.

Mimi niliendelea kuwa wa kwanza katika Kiingereza. Nilifaulu kwenda sekondari, na ni lugha hiyohiyo iliyonilisha baadaye, nisiwe mnafiki. Nimekaa vikao vya maofisa, nimesikia vumbi, kelele na malalamiko ya wanavijiji yote yakielezwa kwa yale maneno kumi na mawili, yote yanapungua, kwenye karatasi. Kila anayeyatamka husimama wima namna ileile, na kila mara huwa namtafuta kwa macho yule anayeosha kidonda, aulizwe yeye.

Likizo moja, nikiwa kidato cha pili, nilikuwa uani na bibi tunaanika wimbi. Nilikuwa namwaga, yeye anasambaza kwa mkono akiwa ameketi. Akaniuliza bila kuinua uso, kana kwamba anauliza kama mbuzi wamekunywa maji: "Lile neno ulilomwambia nesi mpaka akacheka, lilikuwa linasema nini?"

"Lilisema ulivyosema wewe, bibi."

"Mimi nilisema haunisumbui." Akasambaza wimbi kidogo. "Wewe ulisema *umepungua*." Alilitamka kwa Kiswahili, sawasawa, lugha ya watu wa kodi, silabi zote tano.

Nikaendelea kumwaga wimbi. Kuku alikuja, bibi akamfukuza kwa gongo, akarudi kwenye wimbi lake. Kisha akaniuliza, na hapakuwa na hasira ndani yake, ingekuwepo ningeshika hiyo: "Mimi nilikuwa na mkwe wangu pale. Wewe ulikuwa na nani?"

Mpaka leo natafuta jibu. Nilikuwa na sketi ya kuazima. Nilikuwa na mgeni aliyesinzia kuanzia neno la nne. Bibi akaniomba maji ya kunywa, nikaenda kuyaleta, na tulipomaliza wimbi tukala. Hakuliuliza tena. Alikufa mimi nikiwa mbali, ninafanya mtihani.

Nyumba yake haipo. Kaka alijenga ya bati, nayo akaihama alipopata kazi Mugumu. Nilipita pale mwaka jana. Vibuyu vimeliwa na mchwa, na mahali pa meko pameota mgagani, mwingi, hakuna wa kuuchuma. Jiwe la kusagia limefanywa kizingiti cha banda la mtu. Limelazwa chali, shimo lake laini limejaa maji ya mvua na bata wanakunywa. Yule mzee wa dukani alikwisha kuzikwa, na duka lake sasa linauza vocha. Mwalimu wetu alihamishwa zamani, akashukia kituo kingine kisicho chake, na huko nako nadhani alipaka watoto chokaa hadi kiunoni. Mkebe wangu sijui uliishia wapi. Binti wa kaka yangu Kikurya anajua kusema "mura" tu, neno la kumwita kijana wa kiume, tena huwaambia wasichana wenzake.

Basi juzi akasimama pale mbele ya televisheni, akafika kumi na moja, akakwama. Akahesabu kwa vidole, akarudia, akakwama palepale. Niliona machozi yanakaribia, maana kesho yake angesimamishwa mbele ya darasa. "Shangazi, nimesahau moja. Lile la uvimbe. Ni lipi?"

"Silikumbuki," nikamwambia.

Kaka yangu akacheka. "Wewe? Si ndilo lililokupa mkebe? Mtoto mdogo tu alimwambia nesi Kizungu mpaka zahanati ikasimama."

"Nimelisahau," nikasema, na mtoto akaenda kulitafuta kwenye simu ya baba yake.

Hiyo ni mara ya pili nimedanganya kwa neno hilohilo. Maneno yale ninayo yote kumi na mawili, hata ukiniamsha usingizini nitakutajia kwa mpangilio. Nilichosahau ni wimbo wa bibi. Nimejaribu jikoni kwangu, nimejaribu njiani, nimewauliza shangazi zangu waliobaki na kila mmoja ana wake. Maneno yake yote yamenitoka. Nimebaki napakumbuka pale sauti ilipokuwa inapanda tu.